Samaki Mtetemeshaji na Majivuno ya Barazani

Barazani kwetu, baada ya sala ya Isha, hapakosekani la kuzungumzwa. Kahawa chungu hupita, tende zikiwapo hupita pia, na maneno yakaruka kutoka bei ya nguru sokoni mpaka mambo ya nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezikanyaga. Usiku mmoja, mwezi uliopita, jirani yangu, mzee wa heshima zake na msomaji wa magazeti tangu ujanani, alikuja na habari ya samaki.

"Bwana," akaniambia, maana mimi ndiye ninayehesabiwa pale kuwa na Kiarabu kidogo, "hawa Wazungu wasitutambie kwa umeme. Waarabu waliujua karne nyingi kabla yao. Katika Mto Nile mna samaki ambaye ukimgusa anakupiga kama waya wa stima. Waarabu walimpa jina gani? Raadi! Yaani radi. Sasa mtu akimwita samaki radi, huyo si keshajua kwamba kilichomo ndani ya samaki ndicho kilichomo mawinguni?"

Baraza zima likasema Subhanallah. Kisha wakanitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali, tena nikaongeza chumvi yangu: nikataja Ibn Sina, nikataja Baghdad, nikataja Andalusi. Ni maneno matamu hayo; hayahitaji hata kashata.

Palikuwa na kijana wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo. Akauliza kwa adabu zote: "Samahani, ami. Hilo neno, ile ayn yake ina shadda au haina?"

Nikamjibu kwamba usiku umekwenda na watu wana kazi asubuhi. Lakini nilipofika nyumbani sikulala.

Msomaji uliyepitia chuoni, ukakaa mkekani mbele ya mwalimu na ubao wako, utanielewa upesi. Usiyepitia, univumilie kidogo. Neno lenyewe lina herufi tatu za asili: ra, ayn na dal. Bila shadda, ra'd, ni ngurumo, nalo ndilo jina la sura ya 13 katika Kurani. Ni mshindo, si mwanga. Ule mwanga unaopasua mawingu Waarabu huuita barq. Sisi Waswahili tulipolichukua neno hilo tukalifanya radi, na radi yetu ikawa ile ipigayo mnazi ukapasuka, ile iuayo ng'ombe waliojikinga chini ya mti. Neno lilivuka bahari likiwa ni sauti, likafika huku likawa ni pigo. Ndiyo maana Mswahili akiambiwa samaki fulani ni ra'd, mara moja humjia umeme. Ilhali Mwarabu wa zamani humjia mshindo tu, na samaki yule hana mshindo wowote.

Ukiitia shadda ile ayn, mambo yanabadilika kabisa. Ra'aad ni umbo ambalo Waarabu hulitumia kumtaja mtenda kazi, mtu ambaye jambo fulani ndilo shughuli yake. Haddad ni mfua chuma, khayyat ni mshoni, najjar ni seremala. Sisi tuliokulia katika Ratibu ya Haddad tunalitamka umbo hilo tangu utotoni, pengine bila ya kulifikiri. Na asili ile ile ya ra, ayn na dal ina maana nyingine kongwe: kutetemeka, kama atetemekavyo mwenye homa ya baridi. Samaki wa Nile basi ni Mtetemeshaji. Ameitwa kwa kazi yake, kama haddad alivyoitwa kwa yake. Hana habari na mawingu.

Na lau Waarabu wangekuwa wameukusudia umeme wa mbinguni, si wangemwita kwa barq? Tena umeme wa waya ulipowafikia, hawakuuita ra'd wala barq. Waliuita kahraba, neno lililotoka Uajemi, jina la kaharabu, ile ambayo ukiisugua huvuta vipande vya majani makavu. Kama ushahidi wa elimu ni jina tu, basi wa kudai ni sisi Waswahili, kwa kuwa kwetu neno moja, umeme, ndilo la mawinguni na ndilo la kwenye globu. Nasi vilevile hatukuujua. Na ulipofika hapa Kenya wengi wetu tukauacha umeme wetu tukasema stima, jina la mashine ya mvuke. Majina hayana dhamana.

Asubuhi yake nilimwendea jirani yangu. Nilitaka kumsahihisha taratibu, mtu mzima kwa mtu mzima, na kwanza nikamwuliza habari ile aliisoma wapi. Akacheka. "Sikuisoma mahali, Bwana. Ni yako hiyo. Si uliighani Maulidini?"

Ni kweli. Miaka mingi imepita. Niliombwa utenzi wa usiku ule, nikatia ubeti kuhusu samaki wa radi na ujuzi wa mababu, na watu wakapiga takbiri. Hakuna mtunzi asiyependa takbiri. Ubeti ule ukatoka, ukaingia vinywani, ukapoteza vina njiani, na baada ya miaka ukarudi barazani kwangu ukiwa habari iliyo sahihi, na mimi mwenyewe nikaukaribisha kwa kahawa.

Na mimi niliutoa wapi? Laiti ingekuwa katika kitabu cha Kiarabu. Niliutoa katika kitabu cha Kiingereza, ambacho nacho kiliyanakili madai yaliyomo katika Encyclopedia Americana ya mwaka 1918: kwamba huenda Waarabu ndio waliokaribia mwanzo kujua kuwa umeme wa samaki na ule wa radi ni kitu kimoja, kwa vile walimpa samaki huyo jina la radi. Mwandishi hakuiona shadda, na ra'd akaifasiri kuwa ni mmweko wa radi. Basi joho nililovaa nikidhani ni la mababu lilishonwa Marekani, tena kwa kipimo kibaya.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kitabu cha haki kilikuwepo muda wote. Abd al-Latif al-Baghdadi alizaliwa Baghdad mwaka 1162. Alikuwa tabibu na mjuzi wa lugha. Alifika Misri, akasomesha al-Azhar, akaandika kitabu kidogo juu ya nchi ile, al-Ifada wal-Itibar, chenye mimea yake, wanyama wake, majengo ya kale na njaa kubwa ya miaka ya 1200 mpaka 1202 aliyoishuhudia kwa macho. Miongoni mwa wanyama amemtaja ra'aad. Anaeleza kwamba mwenye kumshika akiwa hai hutetemeka asiweze kujizuia. Ni tetemeko lenye baridi na ganzi na uzito wa viungo, hata mtu akashindwa kusimama wala kushika kitu, na ganzi hupanda mkononi mpaka begani mpaka ubavuni. Akaongeza alichoambiwa na mvuvi: samaki huyo akinaswa wavuni, mvuvi huipata taabu ile hata kabla mkono haujamfikia, pakiwa bado shibiri nzima baina yao. Na akifa, nguvu ile huisha. Kisha akaendelea na ngozi yake na nyama yake, kama mtu aliyekwenda sokoni na kurudi.

Angalia alivyofanya. Jina amelifasiri kwa tetemeko, wala radi hakuitaja. Kwa nini mkono unapata ganzi bila ya kugusa, hakujitia kulijua. Mvuvi alimsikiliza, akaiandika kauli yake kama kauli ya mvuvi. Na kauli ile ya shibiri moja ndiyo iliyokuwa na siri yote, maana kitu kipitacho majini na kwenye uzi uliorowa bila kugusana si sumu wala si pigo la mkia.

Nilipoisoma sehemu ile nilimkumbuka mjomba wangu. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, tuko juu ya mwamba maji yametoka, naye kamchoma taa mmoja mnene wa mviringo kwa chusa. Chusa ikamtoka mkononi kama iliyonyakuliwa. Akakaa kitako ndani ya maji, akautazama mkono wake, kisha akanicheka kwa jinsi nilivyotoa macho. "Huyu hashikwi kwa chuma wala kwa kamba mbichi," akaniambia. "Mwache afe kwanza." Bahari yetu ina taa wa namna hiyo, na wavuvi wetu wanamjua vizuri kama mvuvi wa Nile alivyomjua ra'aad. Tofauti ni kwamba mvuvi wa Nile alimpata Abd al-Latif wa kumwandikia. Mjomba wangu alinipata mimi, nami nikaenda kutunga juu ya radi.

Abd al-Latif ana kisa kingine ambacho madrasa zetu zingekifundisha kabla ya kufundisha majina ya wanachuoni ili watoto wayakariri. Wakati wa ile njaa, watu walikufa mpaka mifupa ikalundikana nje ya mji. Vitabu vyote vya utabibu, vikimfuata Galeni, vilisema utaya wa chini wa mtu una mifupa miwili iliyounganishwa. Abd al-Latif akaenda kwenye yale malundo, akashika taya moja, akashika nyingine, akawataka na wengine watazame, akakuta ni mfupa mmoja. Akaandika hivyo. Galeni alikuwa kwake mtu mkubwa sana, na hakuacha kumheshimu. Ila jicho lilipoona mfupa mmoja, aliandika mmoja. Miaka mia nane imepita na utaya bado ni mfupa mmoja.

Huyo ndiye mtu ambaye tungejivunia, na majivuno hayo yana gharama, kwa kuwa yanakutaka uinuke ukatazame. Majivuno niliyoyauza mimi Maulidini hayana gharama yoyote. Unakaa pale pale ulipo, umeegemea mto, na kila wanaloligundua wengine unasema tulikuwa nalo.

Simdharau jirani yangu. Kizazi chake kilisomeshwa na watu waliokiambia waziwazi kwamba hapakuwa na elimu huku kabla ya meli zao kutia nanga. Mtu aliyepigwa hivyo akipata kipande cha kitambaa hufunga kidonda, hachunguzi kimefumwa wapi. Nimekifunga na mimi. Lakini mjukuu wake hana kidonda kile. Ana mtihani wa fizikia. Akienda darasani na hoja ya ra'd na mwenzake ajuaye sarfu akamwuliza habari ya shadda, ataaibika mara mbili: kwa sayansi yao na kwa Kiarabu chetu.

Na sayansi yenyewe, wallahi, inashinda ubeti wangu kwa uzuri. Ra'aad wa Nile ni jamaa ya kambare. Wapo na ndugu zake katika Ziwa Turkana na Ziwa Tanganyika. Wamisri wa kale walimchora ukutani katika kaburi la Ti kule Saqqara, yapata miaka 4,400 iliyopita. Chini ya ngozi yake mna koti la nyama laini linalomzunguka mwili karibu wote, nalo asili yake ni misuli iliyoacha kazi ya kukunja na kukunjua ikawa ni ya kutoa umeme. Seli zake ni nyingi mno, zimepangwa kama masufuria ya duka la jumla, kila moja ina nguvu ndogo, na zikifyatuka pamoja nguvu zinajumlishwa mpaka kufikia volti 350 kwa samaki mkubwa. Za nyumbani kwako ni 240. Amri ya kufyatuka hutoka kwenye seli mbili tu za neva, moja kwa kila upande wa mwili. Jeshi zima lina makamanda wawili! Mkunga wa Amerika ya Kusini, ambaye kwa nasaba si mkunga hasa, anampita: mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba mmoja wao alipimwa akatoa volti 860.

Mwaka 1800 una jambo la ajabu. Mwaka huo Alexander von Humboldt alikuwa Venezuela akiwachunguza mikunga hao, na hakupona bila kupigwa. Mwaka huo huo Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza, vipande vya madini vilivyopandana na vitambaa vilivyorowa, na mwenyewe akaifananisha na kiungo cha umeme cha yule taa wa baharini. Na mwaka huo huo, Oxford, kitabu cha Abd al-Latif kilichapwa kwa Kiarabu na Kilatini. Hakuna aliyemfuata mwenzake. Hata hivyo napenda kuwafikiria watatu hao katika mwaka mmoja, Mjerumani, Mtaliano na Mbaghdadi aliyekwisha kufa kitambo, wote mbele ya samaki.

Lakini walio mabingwa hasa si hao wa kuua. Mabingwa ni wanyonge, wenye umeme mdogo usioweza kumshtua hata mtoto. Kwa muda mrefu wataalamu waliona viungo vyao mkiani na hawakujua vina faida gani. Umeme usioua wala usiokinga ni wa nini? Aliyekifungua kitendawili hicho ni Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa akimtazama samaki wa Kiafrika aitwaye kitaalamu Gymnarchus niloticus, mrefu, asiye na pezi la mkiani, aendaye kwa kulipeperusha pezi refu la mgongoni huku mwili wake ameunyoosha kama fimbo. Samaki huyo huenda kinyumenyume kama aendavyo mbele, hupita baina ya mawe, na hagongi kitu. Macho yake ni dhaifu. Lissmann akatumbukiza nyaya majini, akakuta samaki anatoa mapigo ya umeme kiasi cha 300 kwa sekunde, bila kupumzika. Hilo alilichapisha mwaka 1951.

Akaja na jaribio la vyungu, pamoja na mwenzake Kenneth Machin, mwaka 1958. Ni jaribio la watu wenye subira. Walichukua vyungu vya udongo vipitishavyo maji, sawasawa kwa sura, wakaviweka ndani ya tangi. Kimoja kilikuwa na maji ndani, kingine kilikuwa na kitu kisichopitisha umeme. Samaki alifundishwa kwa chakula kuvitofautisha, na akavitofautisha. Mpaka kijiti cha kioo chembamba kama milimita 2, kilichofichwa ndani ya chungu, alikijua. Hakukiona, hakukinusa, hakukigusa.

Anafanyaje? Fikiria chumba chenye koroboi moja. Ukisimama mbele yake kivuli chako kinaanguka ukutani. Samaki huyu mkia wake ndio koroboi na ngozi yake ndiyo ukuta. Umeme hutoka mkiani, huzunguka majini, hurudi mwilini, na ngozi yote imejaa vipokezi vya kuupima. Samaki mwenzake au jani bichi, ambavyo hupitisha umeme kuliko maji ya mto, huuvuta ukakusanyika. Jiwe huusukuma kando. Kila kitu basi kina kivuli chake juu ya ngozi. Mwanga huo hauendi mbali, kama urefu wa samaki mwenyewe hivi. Lakini ndani ya maji ya tope, usiku, ni bora kuliko macho ya papa. Na ndiyo sababu ya kuunyoosha mwili: ukijipinda, vivuli vyote vinacheza.

Ndugu zake ni wengi katika Afrika, aina zinazozidi mia mbili, na baadhi yao wana mdomo mrefu uliopinda kama mkonga. Wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania wanaye mmoja wanayemwita domodomo. Samaki wa ukoo huo wana ubongo mkubwa ajabu kwa miili yao. Mmoja wa Afrika ya Kati alipimwa, ikaonekana kwamba ubongo wake peke yake hutumia kiasi cha asilimia 60 ya hewa yote aivutayo mwilini. Wa kwetu wanadamu hutumia kama 20. Nami nilikuwa nikidhani samaki ni mjinga!

Na wanazungumza. Kila aina ina umbo lake la pigo, kama kila mji una lahaja yake, na dume na jike hutofautiana. Wawili wakikaribiana, hupokezana: mmoja akipiga, mwenziwe hungoja kiasi cha sehemu 12 za sekunde iliyogawanywa mara elfu, ndipo naye apige, katika ukimya wa mwenziwe. Wale wa Amerika ya Kusini watoao umeme mfululizo wana adabu nyingine, iliyoelezwa na wataalamu wawili wa Kijapani, Watanabe na Takeda, mwaka 1963. Samaki wawili wakijikuta wanatoa mapigo kwa kasi zinazokaribiana, hata vivuli vyao vikaanza kuvurugana, hubadilisha: mwenye kasi ya juu kidogo huipandisha, wa chini huishusha, mpaka kila mmoja apate nafasi yake. Nimehudhuria mikutano ya washairi kwa miaka thelathini na sijaliona jambo hili likitendeka.

Utasema haya yote ni mbali, Nile na Cambridge na Japani. Si mbali. Mto Tana, huu unaomwaga maji yake katika bahari yetu, una samaki wa ukoo huu. Mmoja ameitwa kitaalamu Petrocephalus tanensis, yaani wa Tana, na alielezwa mwaka 1959. Mwingine, Marcusenius devosi, ameelezwa juzi juzi tu, mwaka 2007, akapewa jina la kumkumbuka Luc De Vos, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa samaki katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mwaka 2007 mimi nilikuwa mtu mzima, mwandishi wa magazeti, na sikuandika hata mstari. Siku zile huenda nilikuwa nikitafuta vina vya Qurtuba.

Mto huo huo tumeufunga mara tano kwa ajili ya umeme wetu: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Kila jioni globu ya baraza letu ikiwaka, ni haki kusema kwamba baadhi ya mwanga wake umetoka Tana. Sipingi mabwawa, mimi pia napenda feni. Lakini mafuriko ya mto hubadilika ukishaufunga, na samaki aliyeumbwa kuishi na maji yapandayo na kushuka hawezi kuandika barua kwa mhariri. Mwenye kumsemea ni yule amjuaye, na amjuaye ni Mpokomo mwenye mtumbwi na ndoana, ambaye baba yake na babu yake waliwavua samaki hao kabla ya mtu kuwapa majina ya Kilatini. Huyo ndiye mvuvi wa Abd al-Latif. Yuko hai, yuko mwendo wa basi kutoka hapa, na kila mwaka mmoja wa rika lake anazikwa na aliyoyajua.

Ijumaa iliyopita nilirudi barazani. Nilikuja na karatasi, nikawaeleza habari ya shadda, ya Haddad, ya utaya na ya vyungu. Nikawaambia ubeti wangu wa Maulidi nimeufuta, na anayeukumbuka ausahau. Wengine walicheka. Jirani yangu alinyamaza kidogo, akazungusha kikombe, nikadhani nimemvunjia heshima. Kisha akaniuliza swali moja, kwa upole.

"Na huyu wa Tana, Bwana. Wapokomo wanamwitaje?"

Tulitazamana watu kumi na mmoja. Yule kijana wa chuo kikuu alitoa simu yake, akaitafuta, akairudisha mfukoni. Mpiga kahawa akajaza vikombe. Basi la Garsen linaondoka alfajiri, na mzee amesema nisiende peke yangu.